Viraka Saba Chini ya Mkia wa Ndege

Vijana, nianze kwa kukiri: nawaonea wivu. Nyie mnashika simu, mnaandika "namna ya kusafisha kabureta", na mtu wa nchi msiyoijua anawafungulia injini mbele ya macho yenu, na muziki juu. Mimi kabureta yangu ya kwanza niliifungua asubuhi moja, nikachukua wiki mbili kuirudisha, na zikabaki skrubu tatu ambazo mpaka leo nimezitunza kwenye kopo maana sijui zilikuwa za wapi. Injini ilikubali kuwaka bila hizo. Injini za zamani zilikuwa na huruma.

Naitwa Desderi, fundi mstaafu, mkazi wa Katandala hapa Sumbawanga. Elimu yangu ni ya shule ya jioni. Mchana nilitengeneza mashine za kusaga, jioni nilikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu, nikijifunza kuandika insha. Siku ya mahafali nililia mpaka mwalimu akaagiza ndoo. Kwa hiyo mkikuta sentensi iliyonyooka humu ndani, jueni ilinigharimu usingizi.

Lakini sikuja kuwasimulia mashine za kusaga. Miaka kumi na miwili ya mwisho ya kazi yangu nilitunza ndege. Ndege kweli, siyo trekta lenye kelele.

Mwenye ndege alikuwa Kapteni Benedikto, mzaliwa wa Kaoze kule bondeni, aliyemaliza ujana wake akirusha ndege za kunyunyizia dawa ya viwavi na kweleakwelea. Alipostaafu wenzake walirudi nyumbani na pikipiki. Yeye alirudi na ndege juu ya lori, mabawa yamefungwa ubavuni kama milango ya mtu anayehama. Ilikuwa na viti viwili tu, cha rubani mbele na kimoja nyuma, na umri wa kunizidi mimi. Tukaiita Bibi. Kapteni alifyeka uwanja wa nyasi shambani kwake, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mjini, akajenga banda la bati kando ya uwanja, akaja kwangu.

"Fundi Desi, unaweza kutengeneza ndege?"

"Kapteni, mimi natengeneza chochote kinachotoa moshi."

"Ikizimika juu, moshi utautoa wewe."

Basi nikaajiriwa.

Msidhani ndege zote ni bati. Bibi alikuwa mifupa ya bomba za chuma na mbao, na juu yake amevalishwa nguo. Naam, kitambaa. Kinashonwa kwenye mbavu za bawa, kinapakwa dawa inayonuka kama rangi ya kucha za mabibi harusi mia mbili, na kikikauka kinakaza mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Kila mwaka mkaguzi mwenye leseni alikuja kutoka mbali, akapekua, akasaini, akaondoka. Siku nyingine zote Bibi alikuwa mikononi mwangu.

Na mikono yangu ilifundishwa. Kapteni alinifundisha kuchota mafuta chini ya tangi kila asubuhi kwenye chupa ya kioo na kuyainua juani, maana maji hujificha chini ya petroli. Alinifundisha kwamba huku kwetu juu hewa ni nyepesi: injini inayotamba Kaoze, ikipanda Ufipa inakohoa, na dawa yake ni kuipunguzia mafuta kidogo kidogo huku umetega sikio. Propela nayo, hata ikiwa imelala, iheshimu kama fahali wa Wasukuma. Anaweza kukuangalia kwa upole na bado akakurusha juu ya ua.

Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza spana namba kumi. Kapteni akaniuliza imo ndani ya Bibi au haimo. Nikasema haimo. Akauliza, "Unaapa?" Nikashindwa kuapa. Tukafungua ndege nzima siku mbili, tukamulika kila ubavu, tukakuta kiota cha panya, vifungo viwili na njugu za miaka ya nyuma, lakini spana hakuna. Kumbe mke wangu Skola alikuwa ameikuta mfukoni mwa ovaroli akifua, akaiweka kabatini na vijiko. Tangu siku hiyo nahesabu vifaa kabla ya kazi na baada ya kazi. Hata nikienda kula harusini nahesabu vijiko, na watu wananitazama vibaya.

Sasa niwaeleze ada moja ya Kapteni, kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake. Kila baada ya matengenezo makubwa, aliyetengeneza ndiye aliyekaa kiti cha nyuma kwenye safari ya kwanza. Ilikuwa amri. "Fundi akijua atapanda mwenyewe," alisema, "hasahau nati." Ndivyo nilivyoruka mara tisa. Mara tisa, vijana! Mnapaa, mapaa ya Sumbawanga yanabaki kama vigae vilivyomwagika, milima ya Mbizi inakuja ubavuni na msitu wake, halafu mnafika ukingo wa lile genge la Lyamba lya Mfipa na ardhi inaondoka chini yenu kama mkeka uliovutwa, na kule chini kabisa Ziwa Rukwa linang'aa. Kila nikitua nilitembea Katandala kwa wiki nzima bila kugusa vumbi. Niliwaonea huruma watu wote wanaokaa chini.

Lakini nilikuwa na wivu pia, tena mwingi. Nilimwonea wivu Kapteni kwa sababu alikaa mbele. Niliwaonea wivu mwewe. Wakati mwingine nilimwonea wivu Bibi mwenyewe, maana Kapteni alimsemesha kwa sauti ya upole ambayo mimi katika miaka kumi na miwili sikuisikia hata mara moja.

Wivu wenyewe hasa, ule wa kuunguza, ulikuja na Gaudensia.

Mwaka ule kitambaa cha Bibi kilikuwa kimechoka. Jua la Ufipa lilikuwa limekila mpaka ukikibonyeza kwa kidole kidole kinaingia. Ilibidi Bibi avuliwe chote na avalishwe kipya, mabawa na mkia. Mara ya nyuma kipande cha bawa nilikishona mimi. Kapteni akakitazama, akaenda zake mtaa wa Chanji, akarudi na mwanamke wa miaka arobaini hivi, fundi cherehani, anayeshona sare za shule na kanzu za watumishi wa altare.

"Huyu ni Gaudensia," akasema. "Atashona."

"Na mimi?"

"Wewe utamshikia."

Vijana, nitamshikia! Mimi, mwenye cheti!

Kushona bawa ni kazi ya watu wawili. Bawa linasimamishwa wima, mmoja upande huu, mwingine upande ule, na sindano ndefu kama mkono wa mtoto inapita katikati yenu na uzi wa nta, inakwenda na kurudi, na kila inaporudi fundo linafungwa. Hamwonani. Mnasikilizana tu kupitia kitambaa.

"Mzee Desi, umelala huko? Nirudishie sindano."

"Naikagua."

"Unakagua nini? Sindano haijabadilika tangu nilipokupa."

"Ndege siyo sketi ya shule, mama. Hapa tunakagua."

"Sketi ya shule inavaliwa na mtoto anayepanda miti. Ikichanika, mama yake anakuja dukani kwangu na kelele. Wewe ukikosea nani anakuja?"

 Nikamrudishia sindano kwa nguvu kidogo, akasema ahsante.

Alishona kama anayeandika mwandiko wa sista. Mafundo yamepangana, nafasi sawa, huhitaji rula. Kapteni akaja na miwani yake, akayagusa moja moja.

"Desi, njoo uone. Huu ndio mshono. Ule wako ulikuwa wa gunia la mahindi."

"Gunia langu liliruka, Kapteni."

"Liliruka kwa rehema za Mungu."

Gaudensia akacheka upande wa pili wa bawa. Hakucheka kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikawaza: sawa, mshono umenishinda, lakini maarifa ya ndege ninayo mimi. Nikaamua kuyabana, na kitabu cha matengenezo cha Bibi nikakificha. Alipouliza jambo nilimjibu nusu. Akiuliza fundo hili liwe wapi, namwonyesha wapi, lakini kwa nini, hapana. Hiyo "kwa nini" niliiweka mfukoni kama ile spana namba kumi.

Kazi ikakaribia kuisha. Siku moja tukinywa chai bandani Kapteni akasema, bila hata kunitazama, "Safari ya kwanza atapanda Gaude. Kazi ya mwaka huu ni kitambaa, na kitambaa ni chake."

Chai ilinipalia mpaka ikatokea puani. Gaudensia alikuwa hajawahi kupanda hata ghorofa. Akaniuliza, "Mzee Desi, nikitapika nifanyeje?" Nikamwambia ameze. Nyumbani siku ile sikula. Skola akaniuliza naumwa nini, nikasema gesi.

Jumapili Gaudensia akiwa kanisani, nilifanya kazi moja ndogo iliyobaki. Chini ya mkia, pale panapolala chini kuliko pote, unatoboa vitundu kwa msumari wa moto. Nilitoboa saba. Ni vya kutoa maji. Ndege ya kitambaa haizibiki kama chupa. Mvua inapenya penye nyaya na penye viungo, inateremka mkiani, na isipopata pa kutokea inabaki humo. Jumatatu mkaguzi akaja, akaviona, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasaini, akapanda basi. Gaudensia sikumwambia kitu.

Jumanne nikiwa nyuma ya banda nilimwona amelala chali chini ya mkia na mkasi, kopo la dawa na vipande vya kitambaa. Nikachungulia. Alikuwa anaziba vitundu vyangu kimoja kimoja! Viraka vya duara, vidogo kama kifungo cha koti, vimepakwa dawa na kupigwa rangi mpaka huwezi kujua palikuwa na kitu.

Nilitakiwa kupiga kelele palepale. Neno moja tu: "Acha!" Badala yake nilirudi nyuma kwa ncha za viatu, na moyoni nikapiga vigelegele. Nikasema, Kapteni atakagua Ijumaa, ataviona viraka, atamgombeza huyu mama, na kiti kitarudi kwa mwenyewe. Nilijiona nina akili kuliko walimu wangu wote wa jioni wakiwekwa pamoja.

Usiku wa Jumanne upepo wa Ufipa uling'oa bati tatu za banda, na zilizong'oka ni zile za juu ya mkia. Mvua ikafuata. Jumatano ikanyesha, Alhamisi ikanyesha, Ijumaa ikanyesha kana kwamba ziwa limehamia juu. Na hiyo Ijumaa Kapteni hakuja kukagua. Alikuwa msibani Kaoze. Ningeweza kwenda mimi na msumari wangu. Ingenichukua dakika tano. Sikwenda. Nilijiambia Kapteni ataviona tu Jumamosi.

Jumamosi kukapambazuka kweupe, hewa ya baridi, nzito, ile marubani wanayoipenda. Nilipofika nikamkuta Kapteni kavaa koti lake la ngozi na Gaudensia kafunga kilemba mara mbili.

"Shikamoo, mzee Desi."

"Marahaba."

Kapteni akamzunguka Bibi, akachota mafuta, akatikisa usukani, akainama chini ya mkia. Nikasubiri. Macho ya mzee na viraka vya yule mama, vijana, havikukutana. Akasimama. "Safi," akasema. "Mgeuze."

Ndege ya namna ile unaigeuza kwa kuinua mkia kwa mkono. Siku zote niliunyanyua huku naimba. Asubuhi ile niliushika, nikavuta, na mkia ukakaa. Nikavuta tena mpaka kiuno kikalia. Ndani yake nikasikia kitu kikicheza, taratibu, kama maji kwenye dumu lililojaa nusu.

"Mkia vipi, fundi?" Kapteni akauliza akiwa kwenye bawa.

Gaudensia alikuwa tayari kiti cha nyuma. Kiti changu.

"Mkia mzuri," nikasema.

Nilianza kwa kukiri, basi ukweli uchukueni ulivyo: nilisema mkia mzuri. Na si hivyo tu, nikaenda mbele nikazungusha propela mwenyewe, injini ikaitikia mara ya kwanza, na Bibi akaondoka akitikisika kuelekea mwisho wa uwanja. Gaudensia akanipungia mkono.

Mkono ule ndio ulionimaliza. Ndege yenye mkia mzito inaruka, hilo ndilo baya lake. Inaruka, pua inakwenda juu, rubani anaisukuma chini nayo haitaki, halafu inarudi ardhini kwa pua hiyohiyo. Nilikuwa nalijua hilo tangu mwaka wa kwanza. Nikamwona anageuka kule mwisho. Nikasikia anaijaribu injini, ikinguruma na kushuka. Baada ya hapo hubaki kama muda wa kusali Baba Yetu moja, halafu anaachia breki.

Nikakimbia. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa na mabuti ya mpira, na nawaambia kivuli changu kilibaki bandani. Nikaingia katikati ya uwanja, nikatanua mikono, nikamkimbilia Bibi uso kwa uso. Alikuwa ameshaanza kuja. Nikaona propela imegeuka moshi. Sikuhama. Sifa ya ushujaa sistahili. Miguu ilikuwa imekufa.

Kapteni akakata injini. Bibi akasimama mbele yangu mahali ambapo ningeweza kumpa mkono.

"Una kichaa, Desi?"

 Nikapita chini ya bawa, nikajitupa chini ya mkia, nikachomoa kisu, nikatoboa kiraka cha kwanza. Maji yakatoka. Nikatoboa cha pili, cha tatu, vyote saba, na maji yakamwagika kama ng'ombe wa Kisukuma aliyekunywa bwawa zima sasa amekumbuka. Yalinijaa shingoni, yakaingia kwenye mabuti. Tulisimama watatu, Kapteni, Gaudensia aliyekwisha kuteremka, na mimi niliyelala, tukiyatazama maji yale.

Gaudensia akawahi. "Viraka ni vyangu, Kapteni. Mimi ndiye niliyeziba." Akanigeukia. "Nilikuta vitundu, nikajua mzee Desi kateleza na bisibisi akatoboa mkia. Nikasema Kapteni akiona atamgombeza tena mbele za watu, kama siku ile ya gunia. Nikasema nimsitiri."

Nilitamani ardhi ile ya Lyamba lya Mfipa, inayoondoka ghafla, iondoke hapo hapo na mimi juu yake. Mwenzangu alikuwa ananisitiri, nami nilikuwa namvizia.

"Nilikuona," nikasema nikiwa bado chini. "Nilikuona ukiziba."

Kapteni akavua miwani. "Lini?"

"Jumanne."

Akahesabu kwa vidole kama mtoto. "Siku nne."

"Siku nne."

"Na mkia uliushika asubuhi hii."

"Niliushika."

Nilingoja matusi. Kapteni anayajua ya lugha sita. Akanitazama tu, halafu akasema polepole, "Mimi sina neno na wewe leo. Neno analo yeye."

Tukamrudisha Bibi bandani, tukafungua mkia, tukaufuta ndani kwa matambara, tukapekua mpaka jua likapanda.  Gaudensia alipima mkia kwa kuunyanyua mwenyewe, mara mbili, akaridhika. Kisha akapanda kiti cha nyuma.

"Nifunge mkanda," akasema.

Kapteni akasogea.

"Siyo wewe, Kapteni. Yeye."

Nikapanda kwenye ngazi nikiwa nimelowa, nikamfunga. 

"Kaza," akasema. "Usinifunge kama mgeni."

Nikakaza. Wakaondoka. Mkia ukanyanyuka mwepesi, Bibi akaachana na nyasi, akapita juu yangu, akaelekea ukingoni na kupotea. Na mimi, vijana, nikiwa nimesimama pale na mabuti yaliyojaa maji, nikiwa nimenusurika kuua watu wawili kwa ajili ya kiti, bado nilikuwa na wivu. Natamani niwaambie uliniisha. Haukuisha.

Walipotua nilikwenda mbio kumfungua mkanda. Uso wake ulikuwa unawaka.

"Umeonaje?" nikamuuliza. "Ziwa umeliona? Ule ukingo? Niambie!"

Akashuka, akarekebisha kilemba.

"Siku nne, mzee Desi," akasema. "Nitakwambia baada ya siku nne."

Akaenda zake. Nilidhani utani. Jumapili nilimkuta nje ya kanisa, akanisalimia vizuri sana, akazungumza habari za mahindi. Jumatatu nilipita dukani kwake nikijifanya nina suruali ya kupunguza, akaipunguza. Jumanne nilimtuma Skola akaulize, Skola akarudi ameambiwa yeye kila kitu na ameapishwa asiniambie. Nilikonda kilo ishirini, ninyi zidisheni au punguzeni.

Jumatano, kabla hajafungua mlango wa duka lake pale Chanji, nilikuwa nimeshakaa kwenye ngazi na kitabu cha matengenezo cha Bibi mapajani, kile nilichokuwa nakificha, nimeweka alama kila ukurasa wenye tundu na sababu ya tundu. Akakipokea, akakiweka juu ya cherehani, akanivutia stuli.

"Kaa," akasema. "Kwanza nikuambie wewe ulivyoonekana kutoka kule juu."